Nusu Saa ya Goti

Siku mwenzangu aliporudi kutoka mafunzoni Nairobi, soja wa lango alimwita daktari. Mimi nilikuwa nimepita lango lile kwa miaka kumi na minne na siku zote aliniita "mathe", mama tu. Mwenzangu si daktari. Ni mtu wa eksirei kama mimi, ana cheti kama changu, na nimemzidi kwa miaka ishirini hivi. Hakumsahihisha. Alimwitikia tu kwa sauti yake nzuri, akaingia na mkoba mpya begani.

Nilipokuwa shuleni nilitaka kuwa mwandishi wa habari. Baba alisema kazi ya kuuliza watu maswali haina pensheni, basi nikasomea kupiga picha za mwili. Tabia ile lakini haikunitoka. Nikiwa kazini huona nani ameingia, saa ngapi, amevaa viatu gani, anachechemea mguu upi. Wagonjwa hudhani nimezubaa. Kwa hiyo haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, na mabaya kati ya hayo niliyafanya mwenyewe.

Mafunzo yale niliyaomba mara tatu, mara mbili kwa barua na mara moja kwa mdomo. Kituo chetu cha vipimo kilikuwa kimepata programu mpya ya ile mashine kubwa ya sumaku, MRI, na mtu mmoja alitakiwa kwenda kujifunza kuitumia. Mwenye kituo, ambaye ndiye daktari wa kweli, aliniita ofisini kwake akanikaribisha chai. Alisema, "Mama, wewe umebakisha miaka michache. Hebu tumpe kijana." Nilimaliza chai, nikashukuru. Nilipofika nyumbani Skuta, hapa Nyeri, nilifua mapazia yote ya nyumba ingawa yalikuwa safi.

Mwenzangu naye alipanga Skuta, milango michache kutoka kwangu. Ni mtu wa Bungoma. Alikuja huku akimfuata mumewe, ambaye hufundisha makurutu wa polisi huko Kiganjo. Kwa mwezi mmoja alikuwa amejua kuwasalimu akina mama wa sokoni kwa Kikuyu, akikosea kila neno la pili, nao walicheka na kumwongezea parachichi. Mimi nimezaliwa hapa, Kikuyu changu hakina kosa, na sijawahi kuongezewa parachichi.

Lazima nieleze alichokwenda kujifunza, maana bila hicho kosa langu halieleweki.

Gegedu ni ile tabaka laini, nyeupe, inayofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Mtu wa Nyeri anaijua: ni ile anayoitafuna mwishoni mwa mfupa wa mbuzi, ikilia kati ya meno. Sehemu yake kubwa ni maji, na maji hayo yameshikwa na wavu wa nyuzi nyembamba sana. Picha ya kawaida huonyesha unene wa gegedu tu. Ukiiona imepungua, ujue imekwisha kuharibika. Njia mpya haingojei ipungue. Mashine huyasumbua yale maji kwa mawimbi, kisha hupima mlio wao unachukua muda gani kufifia, kwa sehemu ndogo mno za sekunde. Wavu ukiwa imara, mlio hufifia haraka. Wavu ukianza kuchakaa, maji huzurura na mlio hukawia. Kila sehemu ya gegedu hupata namba yake, na kila namba hupakwa rangi. Katika programu yetu, buluu ni namba ndogo, yaani afya, na nyekundu ni namba kubwa, yaani uchakavu. Baada ya miezi sita goti lilelile hupimwa tena na namba zinalinganishwa. Daktari hahitaji tena kusema "naona kama limelika kidogo."

Ila namba hiyo ni ya kudeka. Gegedu ni kama sponji: ukiielemea, maji husogea. Mtu aliyetoka kutembea au kubeba kitu amelikamua goti lake, na namba hushuka. Goti bovu litaonekana zuri kuliko lilivyo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupimwa, mgonjwa lazima akae nusu saa miguu imenyooshwa, asisimame wala asitembee, na kipimo cha pili kifanywe saa ileile kilipofanywa cha kwanza. Mwenzangu aliagiza kiti kirefu, kikawekwa kwenye korido karibu na mapokezi. Akabandika karatasi ukutani yenye masharti hayo kwa mwandiko wa mviringo.

Yeye alipewa mashine. Mimi nilipewa kiti. Ilikuwa kazi yangu, kutoka meza ya mapokezi, kuangalia aliyekikalia amekaa kweli, na kumwambia mwenzangu nusu saa ikitimia.

Sitadanganya kwamba niliyapokea hayo kwa moyo mkunjufu. Nilimhesabia kila kitu. Nilijua ni mara ngapi mwenye kituo alisimama mlangoni kwake kwa siku na ni mara ngapi kwangu. Alipokohoa, wasichana wa mapokezi walimletea maji ya moto na tangawizi. Mimi nilipokuwa na mafua mwezi uliotangulia, waliniuliza kama nimefunga madirisha. Na alikuwa mzuri kazini, hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa mzembe ningelala vizuri. Kila siku nilisimama nyuma yake nikijifanya natafuta faili, nikitazama anavyochora mpaka wa gegedu kwenye skrini, na kwa wiki chache nilijua hatua zote. Hakuna aliyejua kwamba najua.

Sasa mpagazi. Alikuwa mtu wa Naro Moru, amepita arobaini kidogo, mwenye shingo nene na maneno machache. Kwa miaka mingi alikuwa akibeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima: mahema, jiko, chakula, vyote mgongoni. Kupanda hakukumsumbua. Ni kuteremka ndiko kulikomchoma goti la kulia. Kipimo chake cha kwanza kilionyesha doa jekundu upande wa ndani wa goti. Daktari wa mifupa alimpa miezi sita ya mazoezi bila mzigo wowote, kisha arudi. Doa likiwa limetulia, angemruhusu kurudi mlimani. Likiwa limekua, basi, kazi hiyo imekwisha. Mpagazi aliniambia hayo mwenyewe siku ile ya kwanza nikimfungulia mlango, kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Alisema hajui kazi nyingine. Alisema pia kwamba alijaribu kulima viazi na akachoka kutazama chini.

Alirudi baada ya miezi sita, asubuhi ya mvua nyembamba, mapema kabla ya wakati wake. Nilimkalisha kwenye kile kiti, nikamnyooshea miguu, nikaandika saa. Mwenzangu alikuwa ndani na mgonjwa mwingine.

Dakika kumi hivi baadaye aliingia cucu mmoja, bibi kizee mwenye koti la mvua la mwanamume, akiwa na kiondo kilichojaa viazi, kamba yake kwenye paji la uso. Alikuwa akienda orofa ya pili kumwona bintiye aliyelazwa kwenye kliniki ya juu. Jengo letu halina lifti. Alifika kwenye ngazi ya kwanza akasimama, akashika ukuta.

Mpagazi alimtazama. Kisha alifanya jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa sehemu hizi angelifanya, na ambalo karatasi ya mwenzangu haikulifikiria. Aliinuka, akakitoa kile kiondo kichwani kwa cucu bila kuuliza, akakipachika mgongoni kwake kwa wepesi wa mtu anayevaa kofia, akapanda nacho. Nilisikia hatua zake orofa ya kwanza, nikazisikia orofa ya pili. Aliteremka mikono mitupu, akamkuta cucu bado yuko ngazi ya tano, akampa mkono, akapanda naye tena polepole. Cucu alikuwa akimwombea baraka kwa Ngai njia nzima. Aliporudi hakuketi mara moja. Alisimama mlangoni akizungumza na soja juu ya mvua. Alikaa kitini kama dakika tatu hivi kabla mwenzangu hajatoka.

Niliona yote. Meza ya mapokezi inatazamana na ngazi.

Mwenzangu alimuuliza, "Umekaa vizuri, baba? Hujasimama?"

"Nimekaa, daktari," mpagazi akasema. Sidhani alidanganya. Alikuwa amekaa. Na kueleza kuhusu kiondo kungekuwa kama kumlaumu yule bibi, au kujisifu.

Kisha mwenzangu akanigeukia mimi. "Mama, nusu saa imefika?"

Nilitazama saa ya ukutani. "Imefika," nikasema.

Nilitaka aharibu. Sina neno la kulipamba hilo. Nilitaka namba zitoke za ajabu, zisizoeleweka, mwenye kituo akunje uso, na mtu mmoja, mmoja tu, aseme kwamba labda wangempeleka yule mwenye uzoefu. Mpagazi sikumfikiria. Sikumfikiria hata kidogo, na yeye ndiye aliyekuwa na goti.

Namba hazikutoka za ajabu. Zilitoka nzuri. Doa jekundu lilikuwa limefifia likawa manjano, na pembeni kulikuwa na kijani. Mwenzangu alilisawazisha goti kwenye kifaa chake kama mara ya kwanza, akachora mipaka vilevile, akapima mara mbili, zikatoka sawa. Nilisikia akicheka peke yake mle ndani. Mwenye kituo aliitwa, akaja na chai mkononi, akasema hajawahi kuona mazoezi yakifanya hivyo kwa miezi sita. Wakapanga mwenzangu aende kuzungumza mbele ya mkutano wa madaktari wa eneo letu. Picha zile mbili, ya kwanza na ya pili, zilichapishwa kubwa zikabandikwa mapokezi, juu ya kichwa changu. Mgonjwa akiuliza ni nini, ilikuwa kazi yangu kumweleza.

Basi nilikuwa nimetega mtego na ndani yake mwenzangu akaokota zawadi. Kwa siku kadhaa sikuweza kula mchana. Nilijiambia huenda goti limepona kweli. Viazi ni viazi, ngazi ni ngazi. Lakini nilikuwa nimesoma maelezo ya programu yote nikiwa nimesimama nyuma yake. Nilijua kiondo kile kilifanya nini.

Na niliona ubaya mwingine. Nikisema sasa, kila mtu atasema ni wivu. Watasema mathe ameshindwa kuvumilia. Na watakuwa hawajakosea.

Siku ya tisa mpagazi alikuja na gunia dogo la karoti, zimeoshwa, majani yake bado mabichi. Hazikuwa zangu. Alimpa mwenzangu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Nilizionea wivu zile karoti. Nilikuwa na karoti shambani kwangu mpaka nawapa sungura, na bado nilizionea wivu. Kisha akanigeukia kwa adabu akanipa habari zake: Ijumaa anamwona daktari wa mifupa apate ruhusa, Jumatatu anapanda na kundi la wageni sita. Kiongozi wao amemwekea mzigo kamili. "Mzigo kamili" alilitamka kama mtu anayetaja jina la mtoto wake. Alipoteremka zile ngazi mbili za mlango wetu niliona mguu wa kulia ukitangulia, na mkono ukitafuta ukuta.

Nilimfuata mwenzangu kwenye chumba cha skrini nikafunga mlango. Alikuwa akizipanga karoti kwenye mfuko, akanipa nusu. Nilizirudisha mezani.

Nikamweleza kwa mpangilio: saa aliyokaa, saa aliyoinuka, orofa mbili mara mbili, kiondo, soja, dakika tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nje mtu alikuwa akikokota kiti cha magurudumu.

"Ulimwona," akasema.

"Nilimwona."

"Na nilikuuliza. Nilisimama pale nikakuuliza, Mama."

"Uliniuliza."

Alikaa chini. Nilidhani atalia, na nadhani sehemu fulani yangu ilikuwa ikingoja hilo. Hakulia. Aliniuliza amenikosea nini. Nikamwambia alipewa nafasi yangu. Akasema hakuiomba, aliitwa ofisini akaambiwa mimi nimekataa kwa sababu ya umri, akaona aibu kuniuliza.

Jambo hilo sikulijua. Ningependa kusema lilinilainisha. Lilinifanya nimwonee wivu zaidi, kwa sababu nilikuwa nimemchukia mtu ambaye hana kosa, na hilo nalo likawa zuri upande wake.

"Mpigie wewe," akasema akinisukumia simu. "Mimi nitamwambia mwenye kituo kipimo hakifai. Lakini yule baba utampigia wewe."

Nilipiga nikiwa nimesimama. Nilimwambia mpagazi kwamba kipimo lazima kirudiwe kabla ya Ijumaa, kwa sababu alibeba mzigo akiwa anatakiwa kupumzika. Nyuma yake nikasikia kuku.

"Mzigo gani?" akauliza.

"Kile kiondo cha cucu."

"Ile?" Alishangaa kweli. "Mami, ile ilikuwa viazi tu. Hiyo ni mzigo? Mimi niko na miaka ishirini ya kubeba, najua mzigo."

Nikamwambia goti halijui tofauti. Akaniuliza nilijuaje. Nikasema nilimwona. Akasema atakuja Alhamisi.

Alikuja Alhamisi, saa ileile kama mara ya kwanza. Nilivuta stuli nikakaa mbele yake dakika thelathini kamili, magoti yetu yakikaribia kugusana. Mtu alidondosha fimbo karibu nasi. Nikaiokota kabla hajainama. Alitazama zile picha mbili juu ya mapokezi muda wote, na mimi sikupata ujasiri wa kuzitoa mbele yake.

Doa lilirudi. Lilikuwa jekundu kama la kwanza, na kwa chini lilikuwa limetambaa kidogo kwenye sehemu iliyokuwa kijani. Mazoezi hayakuwa yamelizuia. Mwenzangu alimkalisha ndani akamwonyesha kwenye skrini, akamweleza polepole, akamwachia nafasi ya kuuliza. Nilisikia kupitia mlango uliokuwa wazi. Alimwambia kosa ni la kituo chetu, si lake. Hakunitaja. Ijumaa daktari wa mifupa alimwambia mlima basi. Jumatatu lile kundi la wageni sita lilipanda na mtu mwingine.

Mwenzangu alikwenda kwenye mkutano wa madaktari hata hivyo. Nilidhani atajiondoa, badala yake alipeleka kosa lenyewe. Aliwaonyesha picha tatu badala ya mbili. Aliwaambia kwamba masharti yale yaliandikwa na watu wa mahali ambako mgonjwa akiambiwa akae, hukaa. Huku kwetu, ukimkalisha mtu kwenye korido ambamo wazee wanapita na mizigo, umemjaribu. Alisema chumba cha kupumzikia kinafaa kuwa peke yake, mlango umefungwa. Na alisema mwenzake mmoja mwenye jicho kali ndiye aliyegundua.

Nilikuwa nimeketi safu ya mwisho. Madaktari walipiga makofi marefu. Mmoja alisimama kumuuliza kama anaweza kuja kufundisha hospitali yake huko Karatina. Jicho kali, alisema. Alikuwa amenisitiri mbele ya watu wote, na hata kunisitiri huko kulimfanya apendwe zaidi. Nilipiga makofi. Viganja viliniwasha.

Mpagazi alirudi tena baada ya miezi sita mingine, maana goti bado lapaswa kufuatiliwa. Alikuwa amenenepa kidogo. Siku hizi hupima mizigo ya wapagazi wengine pale wanapoanzia safari. Huitundika kwenye mizani, huandika, kisha wao huondoka na yeye hubaki. Alimwambia soja hayo, si mimi. Nilimfungulia mlango wa chumba kipya cha kupumzikia. Kina kiti kimoja, na dirisha lake linatazama mlima kunapokuwa hakuna mawingu. Asubuhi hiyo mlima ulikuwa wazi mpaka theluji. Nilitaka kuvuta pazia, nikaogopa ataona kwa nini.

Alinyoosha miguu mwenyewe. Mwenzangu alikuwa Karatina siku hiyo, angerudi mchana, na kwa mara ya kwanza mwenye kituo alikuwa ameniachia mashine. Nilikuwa nimengoja siku hiyo tangu ile chai ya ofisini. Nilimweleza mpagazi kwamba leo nitampima mimi, kwamba najua kazi hiyo vizuri, kwamba hatua zote ni zilezile.

Alinitazama. Hakuwa na hasira, nadhani, au aliikunja vizuri.

"Nilikuwa nimeshakubaliwa," akasema. "Unajua hiyo? Nilikuwa nimepanga viatu."

Nikasema najua.

"Ungenyamaza ningekuwa huko juu." Alielekeza kidevu dirishani. "Na hiyo goti ingeisha huko huko. Ulisema, ni sawa. Lakini kwanza ulinyamaza." Akajisogeza kitini akalala vizuri zaidi. "Mimi nitangoja daktari. Yule mwingine."

Nilimwambia atarudi saa nane, na kwamba saa zisipolingana na za kwanza kipimo hakitakuwa sawa, itabidi aje kesho. Akasema kesho atakuja.

Nilizima skrini ya mashine, nikatoka hadi mapokezi, nikampigia mwenzangu simu Karatina. Aliuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, ila kesho asubuhi anatakiwa.